Kujinyima kwa Hesabu: Mwongozo Kamili wa Kufunga na Kujizuia kwa Mwenye Kazi na Familia

Saa saba mchana pale Kisenyi, katikati ya Kampala, mchukuzi wa mizigo na tajiri wa nafaka wanaweza kuwa wamekaa mlango mmoja na wote wawili hawali. Tajiri amefunga. Mchukuzi hana pesa. Mpita njia hawezi kuwatofautisha, na huenda njaa ya mchukuzi ndiyo kali zaidi, lakini anayejinyima ni mmoja tu. Kujinyima ni kuacha kwa hiari yako kitu kilicho halali yako, ambacho unacho au unaweza kukipata, kwa muda unaoujua na kwa sababu unayoweza kuitaja. Njaa ya kukosa ni msiba. Aliye nayo apewe sahani, mawaidha yatafuata.

Kuna mpaka mwingine ambao watu huuvuka bila kujua. Kijana anatangaza kwamba Kwaresima hii ameacha kubeti. Vizuri, ila pesa alizokuwa akibetia zilikuwa karo ya mdogo wake. Huyo hajajinyima chochote, ameanza tu kulipa deni. Kuacha wizi, kuacha kumpiga mke, kuacha kupokea rushwa ni wajibu wa kila siku na hauna msimu. Ukitaka kipimo, jiulize kama siku ya Pasaka au ya Idi utakirudia kitu hicho mchana kweupe, bila aibu. Nyama utairudia. Sukari kwenye chai utairudia. Kubeti karo ya mtoto hakutakiwi likizo ya siku arobaini, kunatakiwa talaka tatu.

Nawaandikia Waislamu na Wakristo pamoja kwa sababu hapa Uganda wengi wetu tunalala nyumba moja. Baba ni Mwislamu wa Bombo, mama ni Mkatoliki wa Masaka, shangazi ni Mlokole, na sufuria ni lile lile. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huo huo. Nyumba za aina hiyo zilijikuta na mifungo miwili chini ya paa moja, kila mmoja na kanuni zake.

Hatua ya kwanza: Pima mwili kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Mwenye kisukari asianze kufunga bila kuonana na daktari wake, na aende wiki kadhaa kabla, asisubiri mkesha wa mwezi kuandama. Vipimo vya dawa hubadilishwa ili vilingane na kula usiku, hasa kwa anayejidunga insulini. Wakati wa mfungo apime sukari mara kadhaa kwa siku. Kujitoboa kidole hakuvunji saumu, masheikh wamelieleza hilo wazi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye kipimo cha mmol/L, afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa jua litue. Kutetemeka, jasho baridi, macho kuona giza na maneno kuchanganyika ni dalili za kushuka kwa sukari, na asiye na kipimo nyumbani azifuate hizo. Anywe kitu chenye sukari kwanza, maswali baadaye.

Mwenye selimundu (sickle cell) yuko hatarini kwa sababu nyingine: maji yakipungua mwilini, maumivu makali huchochewa. Kukaa bila maji kutwa nzima kwenye joto la Gulu au Arua ni kumkaribisha mgonjwa huyo wodini. Achague kujinyima kusikogusa maji kabisa.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU mara nyingi humeza kidonge kimoja kwa siku. Dawa inayotumiwa na wengi siku hizi inaweza kumezwa usiku, pamoja na chakula au bila chakula, kwa hiyo saa ya dawa inaweza kuhamishiwa baada ya futari. Zungumza na mhudumu wa kliniki yako kuhusu namna ya kuhamisha. Lisilokubalika ni kuruka dozi kwa sababu ya mfungo, au kuacha kabisa kwa kuwa mtu fulani jukwaani amekuambia imani yako inatosha. Na hilo ni kwa dawa zote za muda mrefu: za kifua kikuu, za presha, za kifafa.

Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na msafiri wana ruhusa katika Uislamu. Anayetarajia kupata nguvu atalipa siku hizo baadaye. Mzee dhaifu na mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini mmoja kwa kila siku iliyompita. Mwanamke aliye hedhini au katika nifasi, yaani damu ya uzazi, hafungi kabisa. Kwa Wakatoliki, kuacha nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawahusu wenye miaka 18 hadi 59. Mgonjwa hadaiwi. Nimesikia wazee wakisema ruhusa hizi ni za wavivu. Mimi naona aliyepewa ruhusa akaikataa hadi akalazwa ameigeuza ibada kuwa mashindano, na bili ya hospitali ataletewa mwanawe.

Anayekunywa pombe kila siku ana onyo lake mwenyewe, nitalifikia chini. Asilipite.

Hatua ya pili: Jua sheria ya nyumba yako ya ibada

Mwislamu anajua: tangu alfajiri hadi jua kuzama hakuna chakula, maji, sigara wala tendo la ndoa, na nia huwekwa usiku. Uganda tuna bahati ya ikweta, ambayo inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe. Saumu ya Kampala ni ya saa kama 13 na dakika kadhaa mwaka wote, mwezi uandame Januari au Julai. Ndugu zetu walioko Uingereza Ramadhani ikiangukia Juni hufunga zaidi ya saa 18. Kwa hiyo ukilalamika kuhusu urefu wa mchana wa hapa, fanya polepole.

Mkatoliki hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo mmoja. Ijumaa zote za Kwaresima haachi chakula, anaacha nyama. Samaki, mayai na maziwa vinaruhusiwa. Hapo ndipo ujanja huingia. Mtu anaacha mchuzi wa nyama wa kawaida nyumbani, kisha anakwenda ufukweni Ggaba kuagiza sato mzima wa kukaanga kwa bei inayonunua kilo za nyama. Sheria hajaivunja. Kujinyima pia hajakugusa.

Waorthodoksi, ambao Uganda wana kanisa lao tangu enzi za Padri Reuben Spartas, wana Kwaresima nzito kuliko zote: huacha nyama, mayai na maziwa. Wasabato huacha nguruwe, pombe na tumbaku maisha yote. Walokole, waliotokana na uamsho ulioenea Rwanda na Uganda miaka ya 1930, nao hawagusi pombe wala sigara. Kwao kujizuia hakuna kalenda, na mifungo ya maombi kila mtu au kila kanisa hujipangia.

Kwa wanaodhani mfungo uliletwa hapa na misheni: Kabaka (mfalme) Mutesa wa Kwanza alikuwa akifunga Ramadhani katika ikulu yake kabla mmisionari wa kwanza hajatia mguu Buganda mwaka 1877.

Hatua ya tatu: Chagua kitu kimoja, chenye bei na chenye saa

Hii ni kwa mfungo wa hiari, au kwa Kwaresima ambako kila mtu hujichagulia la kuongeza juu ya sheria. Kosa linaloua mipango mingi ni orodha ndefu. Mtu ataacha sukari, nyama, mitandao, hasira na usingizi, vyote kwa pamoja, Jumatano asubuhi. Ijumaa jioni hakuna kilichobaki.

Chagua kimoja. Kiwe na bei, ili ujue umeokoa kiasi gani. Kiwe na saa, yaani kuna wakati maalumu wa siku ambapo pengo lake utalisikia. Rolex ya jioni, ile chapati iliyoviringishwa na mayai unayoinunua ukishuka kwenye taksi, inatimiza yote mawili. Soda ya saa saba pia. Boda ya kutoka stendi hadi nyumbani, kama njia ina usalama na unaweza kutembea. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwenye banda la video Jumamosi nzima. Vifurushi vya intaneti vya usiku, vile vinavyomfanya mtu aangalie video za watu asiowajua hadi saa nane.

"Nitapunguza hasira" hakufai kama chaguo kuu. Hakuna saa wala bei, na jioni huwezi kujua kama umefaulu. Ukitaka kushughulikia ulimi, upe umbo: sitajibu ujumbe wowote wa kundi la WhatsApp la ukoo baada ya saa mbili usiku. Hilo linapimika, na wanaolijua kundi la ukoo wanajua ni msalaba wa kweli.

Na yule mchukuzi wa Kisenyi, anayekula mara moja kwa siku? Asiambiwe apunguze mlo wake. Hata hivyo si haki kumwambia kwamba kujinyima ni anasa ya wenye vyakula. Anaweza kuwa na kitu kingine kilicho chake: nusu saa ya kupumzika anayoitoa kumsaidia mzee kubeba maji, sigara moja ya jioni, haki ya kujibu tusi. Ninachojua ni kwamba watu wa kipato kidogo mara nyingi hawahitaji mwongozo huu. Wanajinyima mwaka mzima ili mtoto mmoja asome.

Hatua ya nne: Hesabu nani atalipa

Laiti ningeruhusiwa kuandika hatua moja tu, ningeandika hii.

Mfungo una gharama, na aghalabu anayeulipia siye anayesifiwa. Baba amefunga, lakini anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa ni mama. Jioni baba amelala kochini akisubiri adhana, na mama, ambaye naye amefunga, yuko jikoni tangu saa tisa akikaanga sambusa kwa ajili ya wageni ambao baba amewaalika bila kumwambia. Bosi amefunga, wafanyakazi ndio wanaofokewa. Mama ameacha kula nyama, basi nyumba nzima imeacha, pamoja na mtoto wa miaka minne. Kijana anafunga siku tatu za maombi, na kazi zake za shamba zinafanywa na dada yake.

Kabla hujaanza, keti na watu wa nyumbani mwako ugawe kazi. Nani atawasha moto wa daku siku za wiki, nani mwishoni mwa wiki? Wali na maharage vinaweza kupikwa usiku vikapashwa moto tu alfajiri. Chupa kubwa ya chai huhifadhi moto hadi daku. Mwanamume mwenye mikono miwili anaweza kukoroga uji, na hakuna andiko linalomkataza. Futari ya wageni ipangwe siku maalumu, wenyeji wote wakijua.

Nyumba ya dini mbili ina adabu zake za ziada. Asiyefunga hahitaji kujificha kama mwizi, ila harufu ya nyama ya kuchoma uani saa kumi jioni ni ukatili mdogo unaoepukika. Aliyefunga naye asimkatalie mtoto wa shangazi chai ya saa nne. Ijumaa ya Kwaresima ikiwa ndani ya Ramadhani, pikeni samaki au maharage kwa futari na wote mtakula sufuria moja. Na mgeni Mkatoliki akialikwa kwenye futari Ijumaa hiyo, aseme mapema. Mama mwenye nyumba ataona heshima kuambiwa kuliko kuona sahani imerudi na nyama yake.

Kuhusu wanandoa na kujizuia kitandani: kwa Mwislamu katazo ni la mchana tu, usiku ni halali. Kwa Mkristo, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wasinyimane isipokuwa kwa mapatano na kwa muda, ili waombe, kisha warudiane. Neno zito hapo ni mapatano. Mmoja akiamua peke yake na mwingine akaarifiwa gizani, huo ni ugomvi uliovaa kanzu.

Hatua ya tano: Wiki ya maandalizi

Ukiwa mtu wa chai nzito au kahawa mara nne kwa siku, kichwa kitakugonga siku ya kwanza na ya pili. Wengi hudhani ni njaa, kumbe ni mwili unaodai kahawa yake. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku moja au mbili, wiki nzima kabla.

Nunua nafaka, maharage, karanga na sukari mapema, kabla bei hazijapanda pamoja na mwezi. Panga kazi zako nzito ziwe asubuhi. Fundi wa ujenzi apige zege saa mbili, asisubiri saa nane. Mwendesha boda aliyefunga ajipangie kupumzika kivulini saa za joto kali, na akisikia kizunguzungu aegeshe. Abiria wake hawajafunga naye.

Hatua ya sita: Siku yenyewe

Kampala, miezi ya Februari na Machi, daku huishia mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jua huzama saa moja na dakika chache. Novemba nyakati hizo huja mapema zaidi kwa karibu nusu saa. Fuata ratiba ya msikiti wako, maana Mbale na Kasese hazifuturu dakika moja.

Daku nzuri ni chakula kizito kinachochelewa kusagika: viazi vitamu, muhogo, katogo ya ndizi na maharage, uji wa mtama au wa ulezi, yai. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa kwa chumvi wacha kwa usiku, watakupa kiu saa nne tu. Chai yenye sukari nyingi hukupandisha haraka na kukushusha haraka. Maji yagawe tangu futari hadi daku. Kunywa lita nzima dakika tano kabla ya adhana ni kulipeleka chooni tu.

Saa nane hadi saa kumi ndizo ngumu. Usizipange kuwa saa za mikutano ya kugombana kuhusu pesa. Mtu akikuchokoza, mafundisho ya Mtume ni kumwambia tu kwamba umefunga, na kuondoka. Naye Yesu aliwaambia wanafunzi wake waoge uso na kupaka mafuta kichwani, wasitembee wamenuna ili waonekane. Mafundisho hayo mawili yanakutana mahali pamoja, sura yako ya saa tisa alasiri. Mwenye kutangaza mfungo wake kwa uso uliokunjwa amekwisha kula.

Futuru kwa tende au maji, kisha bakuli la uji au bushera, kinywaji cha mtama, isiyo kali. Sali. Halafu ndipo ule. Pengo hilo la dakika kumi na tano huliokoa tumbo. Nyumba inayokula futari kuliko ilivyokuwa ikila siku tatu za kawaida itamaliza Ramadhani imenenepa na imekopa.

Hatua ya saba: Kilichonyimwa kiende mahali

Usipokula rolex ya shilingi 2,000 kwa siku 40, una shilingi 80,000. Zikibaki mfukoni zitageuka soda, na utakuwa umehamisha tu tamaa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Ziweke kila jioni, pesa yenyewe na wala si ahadi, kwenye kopo lililofungwa. Ukipenda kuziweka kwenye simu ni sawa, ila kumbuka wakati wa kutoa utakatwa kodi ya serikali ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kawaida, na sadaka itapungua njiani.

Amua tangu siku ya kwanza zinakwenda kwa nani. "Maskini" ni jina lisilo na mlango wa kubisha. Sema: sare ya mtoto wa jirani, dawa za bibi wa nyumba ya nyuma, deni la duka la mjane. Kopo lenye jina huvunjwa kwa shida. Nabii Isaya, ambaye Wakristo husoma maneno yake kila Kwaresima, aliutaja mfungo unaokubalika kuwa ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Sheria ya Kiislamu nayo imeweka zaka ya fitri kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye asherehekee siku hiyo. Ukiichelewesha hadi baada ya sala, inabaki kuwa sadaka ya kawaida.

Muda nao una bei. Jumamosi uliyoinyima mechi ina saa nne. Zipangie kazi kabla hazijajipangia zenyewe.

Kwa anayeacha pombe

Uganda inakunywa sana, na kila jamii ina chungu chake: tonto ya ndizi, malwa ya ulezi inayofyonzwa kwa mirija mirefu, waragi ambayo ni pombe kali. Serikali ilipiga marufuku pombe za vifuko mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki zikachukua nafasi yake upesi.

Anayekunywa Jumamosi tu anaweza kuacha leo. Awaambie rafiki zake kabla ya kufika kwenye malwa, akae nao na soda yake saa moja, aondoke mapema. Kuwakwepa kabisa wiki saba ni vigumu kwa mtu ambaye biashara yake yote hufanyikia pale.

Anayekunywa kila siku tangu asubuhi, ambaye mikono hutetemeka asipopata, asiache ghafla peke yake. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo. Watu hufa namna hiyo, na ndugu husema amerogwa. Aende kituo cha afya aeleze kiasi anachokunywa bila kuficha. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Kuombewa hakukatazwi, kuende sambamba na dawa.

Kwa vijana wanaojizuia hadi ndoa

Uganda ilijulikana duniani kwa kampeni ya kupambana na Ukimwi iliyoweka kujizuia kuwa jambo la kwanza, uaminifu la pili na kondomu la tatu. Mabango yalikuwa mengi. Walichosahau wengi ni kwamba kujizuia kunahitaji uwezo wa kukataa. Msichana ambaye karo yake, simu yake na chumba chake hulipwa na mzee mmoja hana uhuru wa kusema hapana, hata awe na cheti cha nadhiri ukutani. Mzazi anayemtaka binti yake ajizuie ampe kwanza nauli ya kurudi nyumbani na pesa za pedi. Kwa wavulana, mambo mawili husaidia kuliko hotuba: kutokutana faraghani baada ya pombe, na kuwa na rafiki mmoja anayeujua uamuzi wako na asiyekucheka. Wakikaribia ndoa, mvulana na mchumba wake wapime VVU wote wawili.

Ukianguka

Mwislamu aliyekula kwa kusahau aendelee na saumu yake, haijavunjika. Aliyekula kwa makusudi atubu na ailipe siku hiyo. Aliyevunja kwa tendo la ndoa mchana wa Ramadhani ana kafara nzito, ambayo kwa wengi huwa kufunga miezi miwili mfululizo, na hilo alipeleke kwa sheikh. Kwa nadhiri yako ya hiari, rolex uliyoila Jumanne isikufanye ule na ya Jumatano. Tia shilingi zake kwenye kopo, endelea.

Mahali pa kukimbia

Kiongozi akikuamuru ufunge bila tarehe ya mwisho, ondoka. Akisema watoto nao wasipewe maji, chukua watoto wako uondoke usiku huo na uripoti polisi. Akichanganya mfungo na kuuza mali, kutengana na jamaa na kukataza watu kuongea, unaangalia kitu tulichokwisha kukiona. Kanungu, Machi 17 mwaka 2000, mamia walikufa katika kikundi kilichoanza kwa sala, kujizuia na kunyamaza. Shakahola, nchini Kenya, mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wao wakiwa wamekufa njaa wakingoja kumwona Yesu. Mfungo wa kweli wa dini zote tulizo nazo una saa ya kufungua. Hata Yesu, baada ya siku arobaini, aliona njaa, na malaika wakaja wakamhudumia.

Kufungua na kufunga hesabu

Siku ya kwanza ya kula mchana, kula kidogo. Kliniki hujaa siku ya pili ya Idi na Jumatatu ya Pasaka, na si kwa malaria pekee. Anayetoka kwenye mfungo mrefu wa maombi wa siku kadhaa aanze na uji mwepesi na matunda laini siku nzima, nyama ingoje.

Mkesha wa sikukuu fungua kopo mbele ya watu wa nyumbani, hesabuni pamoja, na mmoja wenu azipeleke kwa mkono usiku ule ule. Anayetaka kuendelea ana njia tayari: Mwislamu ana siku sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, kisha Jumatatu na Alhamisi, Mkatoliki ana Ijumaa zote za mwaka, ambazo Kanisa bado linaziita siku za toba. Hujaji wa Namugongo anayekwenda kwa miguu mwezi Juni aanze mazoezi ya kutembea wiki ya pili baada ya Pasaka, na viatu vipya asivivae safarini.

Wanawake wenye siku za kulipa waziandike kwenye kalenda ya ukutani, idadi kamili, na waume zao waione. Siku fupi za baridi hatuna hapa za kuzingojea, kwa hiyo lipa moja kila wiki kuanzia mwezi unaofuata, na siku ya kulipa mwanamume ndiye awashe mkaa wa daku.